Lumbesa

Mara ya kwanza nilipata thelathini na nane.
Nikaikunja karatasi hadi ikalingana na tiketi ya choo cha stendi,
nikaitia mfukoni mwa koti la kazi,
nikarudi Kibaigwa, sokoni, kwenye mizani,
kuandika kilo za watu.

Gunia linapanda. Mshale unatikisika.
Nasubiri utulie, ndipo naandika.
“Nyembeto, usiandike mshale ukicheza,”
Chiwanga alinionya siku ya kwanza,
“utamwibia mtu hata kama hukukusudia.”
Na mimi, kwenye chumba cha mtihani wa kuingilia sheria,
saa ya ukutani ikinikimbiza,
maswali yote niliandika mshale ukicheza.

Mara ya pili, arobaini na saba.

Mara ya tatu, arobaini na sita.
Ndiyo. Nilishuka.
Mwaka mzima wa kuamka saa tisa za usiku,
taa ya sola ikififia kabla jogoo hajajikohoza,
halafu unapimiwa, unapungua kilo moja.
Mama hakusema neno.
Aliniongezea mlenda.

Ndipo nikanunua daftari, nikaliandika juu: MADENI.
Kila swali nililokosa nikaliingiza humo:
nilidanganyikia wapi,
jibu lile la uongo lilivaa nini hata likafanana na kweli.
Nikagundua nadaiwa sana na neno “wote”,
na “baadhi”, na “isipokuwa”,
vijineno nilivyovipita mbio kama vituo visivyo na abiria.

*Watu saba wameketi kwenye benchi moja.
Wa kwanza hakai karibu na wa nne.
Wa sita yuko kushoto kwa wa pili.
Nani yuko katikati?*
Jua likitua wanunuzi wakaondoka,
nikawaomba wapagazi magunia saba.
Hili Sechelela, hili Mbeleje, lile lililotoboka Ndahani.
“Msogezeni Ndahani kushoto.”
“Dada, Ndahani ana kilo mia!”
Wakacheka, wakasogeza.
Upepo wa Kibaigwa ukatupaka vumbi la pumba
na mimi nikaona, kwa macho haya,
nani yuko katikati.

Kesho yake dalali akasema kwa sauti ya kutangaza bei:
“Wakulima wote wa Hogoro wanatia mchanga.”
Nikamuuliza: “Wote, au baadhi?”
Akanitazama kana kwamba mizani imemsemesha.

Sijasema kwa nini nataka sheria.
Baba aliwahi kuleta hapa magunia kumi na mawili,
kila moja limeshonewa kilemba hadi halifungiki,
lumbesa, mnunuzi ndivyo alivyotaka,
na yakahesabiwa kumi na mawili.
Vile vilemba vilikuwa ada yangu ya kidato cha tano.
Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilijua kujumlisha.
Nilinyamaza.

Mara ya nne matokeo yalitoka nikiwa kazini.
Mtandao ukazunguka, ukazunguka,
kile kiduara cheupe juu ya kioo chenye ufa.
Nyuma yangu foleni, mtu anapiga mluzi.
Nikasubiri kitulie.

Sitini na nne.
Walikuwa wanataka sitini.

Sikupiga kelele. Nilisoma tena, nikidhani ni namba ya mtu mwingine.
Kisha nikafungua Madeni, ukurasa wa mwisho,
nikakuta bado kuna maswali kumi na moja
ambayo hadi leo sijui kwa nini nilikosa.
Nitakwenda nayo mjini.

“Dada, vipi, tunapima?”
Wapagazi wakapandisha gunia lenye kilemba.
Mshale ukaruka, ukayumba, ukarudi,
ukasimama.
“Mia moja ishirini na sita,” nikasema.
“Andika gunia moja,” akasema mnunuzi.
“Nasubiri,” nikasema.
“Unasubiri nini? Si umetulia?”
“Mshale umetulia. Nasubiri wewe upunguze.”