Kosa la Kilo Mia

Umeme wa Arua umekatika tena,
naandika kwa tochi ya simu.
Barua inakwenda Kampala, kwa meneja, kwa Kiingereza,
maana chama chetu hakiombi radhi kwa lugha nyingine.
Nimefika sentensi ya pili, *tulifanya kosa*,
na hapo kalamu imegoma.
Kosa gani?

Magunia mawili ya simsim ya Mama Candiru
yalipanda mzani, yakasema mia na sabini na nne.
Mkono wangu ukaandika sabini na nne.

Mchana nilijaribu *zito*.
Anguyo, aliyesoma Makerere, alicheka
mpaka chai ikamtoka puani.
"Zito hapana, Khemisa. Waingereza
hawabebi kosa kichwani. Kwao halina uzito."
Hili linao, nikamwambia. Kilo mia kamili,
nenda ukaulize mzani.

Akaanza kunichagulia, akibonyezabonyeza
kama mtu mbele ya fungu la nyanya.
*Kubwa* ni kweli, lakini litaingia ofisini miguu mitupu.
Lipo jembamba, la karani aliyesahau nukta.
Lipo lile la siriasi, lenye tai,
ila limevaliwa na kila mtu, viwiko vimetoboka.
Lipo moja ambalo kwa Kiingereza ni kaburi pia.
Hilo nililiogopa. Hakuna aliyekufa,
Alioni ameacha shule muhula mmoja tu.

*Tu.*
Tazama linavyojipenyeza, halikualikwa na mtu.

Mwisho akanipa la waungwana:
kosa, eti, linaweza kuwa kweli,
kosa lisilo na hila, lenye moyo safi.
Nikalionja ulimini siku nzima.
Tamu. Tamu kupita kiasi.
Moyo wangu ulikuwa safi, ndiyo,
na pia nilikuwa nikizungumza na simu.

Candiru alipokuja Jumanne
hakuleta kivumishi.
Alisimama mlangoni, vumbi la Vurra miguuni,
akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni,
"Ile mia iko wapi?"
Nikaangalia chini, nikaona viatu vyangu.

Kwa hiyo nimefuta yote, *siriasi* na kaburi lake.
Nimeandika: tulifanya kosa la kilo mia moja,
mali ya Candiru, na mwandishi ni mimi.
Anguyo atasema hicho si Kiingereza.
Na Kampala watajibu, nawajua,
wataanza, "Kuhusu lile kosa dogo,"
watalichomeka wenyewe, bila kufikiri,
kama mtu anavyofunga mlango kwa kisigino.

Tochi imebaki asilimia nne.
Nahesabu sifuri za ile mia.
Mbili.
Nahesabu tena.