Msaidizi wa

Milimita tatu, nilimwambia Ndahani mwandika mabango,
zisizidi, na zisiniiname.
Akacheka mpaka brashi ikamdondoka.
"Mwembamba asiyepinda! Huyo hata sisi
tunamtafuta kila uchaguzi wa mtaa."

Nilikuwa na nyaya mbili, betri,
king'ora kidogo kama kifungo cha koti,
na mama mkwe asiyelala.
Nkuhungu maji huja usiku wanaoutaka wenyewe.
Yeye huamka saa nane, saa tisa,
anaweka sikio kwenye bomba
kama daktari kifuani pa mtoto.
Nilitaka kitu kikeshe badala yake.

Lakini bomba na ukuta vimeachana vidole viwili tu.
Humo ndimo kasha likae,
na sauti itoke.

Nilianza na boksi la viatu, kwa uvivu.
Matone yalilinywesha wiki moja,
likalegea pembeni kama mdomo wa mlevi.

Plaiwudi ya Majengo niliikata asubuhi,
imenyooka kama rula.
Jioni imebenuka.
Kiangazi cha Dodoma hukamua ubao
mpaka usahau kwamba ulikuwa mti;
gundi ikaachia, pwa!
nikiwa jikoni nasonga ugali wa uwele.

Bati, nakiri, nililipenda.
Jembamba, kaidi, linatii mkasi wa fundi ndoo.
Ila bati halitunzi siri:
waya umeligusa ubavuni
na king'ora kikalia saa tano asubuhi, bila tone,
majirani watatu wakatoka mbio na madumu.
Mama Chibago hajanisamehe mpaka leo.

Kuhusu kile kioo cha plastiki cha elfu nne
sitasema mengi. Nilitoboa kwa pupa.
Ufa ulikimbia kutoka tunduni hadi ukingoni
kama habari ya msiba.

Ndipo Ndahani akanipitisha uani kwake,
kwenye rundo la vibao vya milangoni.
Ofisi zilipohamia huku zilikuja na majina yake;
majina yakabadilishwa, vibao vikabaki,
vyeupe, vikavu, kuku wanavikanyaga.
Nikaokota kimoja, nikakigonga kwa ukucha.
Kikajibu.
Nikakishika ncha moja, nikakinyoosha hewani:
hakikuinama.
Nikakilaza juu ya bati la banda siku tatu,
jua la Oktoba likimwagika,
na siku ya nne nikakilinganisha na kioo cha dirisha.
Hakuna mwanga uliopita katikati yao.

Usikikate kwa msumeno.
Chora kwa kisu, pole, mara sita, mstari uleule,
kisha kiweke ukingoni mwa meza
ukibonyeze kama unayevunja muwa: taa!
Tundu nalo, weka ubao chini yake,
anza na keekee ndogo, usimsikilize anayekuharakisha.

Pande sita. Skrubu nne za saa mbovu.
Maandishi niliyageuzia ndani,
yasomwe na nyaya peke yake:
MSAIDIZI WA
na hapo kisu kilipita.
Msaidizi wa nani, sijui. Kipande cha pili
Ndahani alishakitumia kuandikia bei ya mchicha.

Usiku wa Alhamisi, saa tisa na robo, kikalia,
kikali, chembamba, mlio wa kisu kwenye sahani.
Nikakurupuka. Nikamkuta bombani,
khanga mabegani, ndoo ya kwanza imeshajaa nusu.
"Nimeyasikia kabla ya hiki kidude chako," akasema.
Kisha akakiwekea kiganja,
akakiacha kitetemeke chini ya vidole vyake,
akakibonyeza kidogo, akakibonyeza tena.
"Lakini hakibonyei."

Siku hizi huamka saa nane na nusu,
anavuta kigoda,
anakaa kukisubiri kilie.