Sifa za Bwana wa Mbali

Naliketi barazani,
mkekani, pembezoni,
kalamu i sikioni,
kazi yangu kufasiri.

Malindi, joto ajabu,
kumi na nane Rajabu,
mgeni ana kitabu
chenye nta na muhuri.

Amevaa joho zito,
shingo imevimba joto,
jasho likishuka mito,
sisi na zetu hariri.

Akasoma kwa kituo,
kila neno na pambio,
sifa za bwana wa kwao,
nami niseme dhahiri.

"Huwinda nguruwe mwitu
kwa mkuki, bila watu,
naye hahofii kitu,
simba-dume, ni jasiri."

Nguruwe nikamruka,
nyati nikampachika;
Mwenye Kombo akacheka,
kasema: "Basi hodari."

Pazia likapepea,
sauti ikatokea,
Mwana Somoe katoa
swali lisilo kiburi:

"Bwana akiwa porini
na mkuki mkononi,
hukumu hutoa nani
ya mjane na fakiri?"

Sikufasiri. Mgeni
aliuliza: "Ni nini?"
Nikajibu: "Shukurani.
Endelea, tu tayari."

"Pili: ana lugha sita,
zeze akilifumbata
wageni chozi hufuta,
na hutunga mashairi."

Hilo liliwapendeza,
vichwa wakavigeuza,
mmoja akauliza:
"Je, azijua bahari?"

Hilo nalilifikisha;
mjumbe akaonyesha
mizinga, akatuchosha
kwa majina ya bandari.

"Mrefu, mpana bega,
kwa farasi hana woga,
nguo zake, kwa kuiga,
watu huuza mahari."

Mwenye Kombo kanong'ona:
"Punda wetu amemwona?
Hana tandiko, na jana
alimwangusha Waziri."

"Tatu: ni mtu karimu
kwa mafundi na walimu,
kajenga nyumba adhimu
na dhahabu kwenye dari."

Kimya nyuma ya pazia;
bangili zikatulia;
kisha: "Nataka kujua,
fundi alipwa vizuri?

"Baba yangu alijenga
mihrabu, kwa kupanga
matumbawe, na mchonga
akafa bila dinari.

"Mkewe, kila Jumaa,
mlangoni alikaa,
hasemi, hana fazaa;
sala haikuwa nzuri.

"Ndipo baba akavua
pete, kisha akatoa,
sote tukishuhudia,
udhuru, bila jeuri.

"Siwa zililia kwingi,
alivikwa nguo nyingi;
ni pale, mbele ya wengi,
ndipo akawa amiri."

Mjumbe kanikazia
macho, akaulizia:
"Mama anasimulia
nini, mbona kama siri?"

Nikautazama wino,
nikaukunja mkono,
nikatafuta maneno
ya kiungwana, mazuri.

Nikamjibu: "Asifu
dari yenu maarufu,
na mfalme mtukufu
amtakia umri."

Mjumbe akafurahi,
akaitia sahihi
hati yake; asubuhi
akatweka kwa fahari.

Nami nikaitwa ndani.
Taa moja, na ubani.
Mwana kasema: "Yakini
umepikia sukari.

"Sikulaumu, mwanangu;
mizinga yao si jungu.
Ila lile swali langu
liandike, lisubiri."

Nimeliandika hapa,
kando ya deni la papa,
herufi zikiogopa:
Fundi alipwa vizuri?