Kijiko

Sanduku lilifika Isevya limefungwa kwa utepe wa kahawia,
zawadi ya mjomba Ntogwa, kaiokota mnadani, haikutimia:
mabehewa matano, injini mbili, reli za plastiki,
matofali madogo ya kupachikana, na dereva asiye na kichwa.
Tukampa kichwa cha zimamoto. Anaendesha vizuri tu.

Ndani ya kila injini mna kitovu,
kijisanduku cha kijivu kinachokula betri sita na hakishibi.
Ukikibonyeza kinapepesa jicho la samawati,
kinatafuta simu ya kuitii.
Simu ya Mihayo ilikataa siku tatu. Programu yadai simu mpya,
kisha yadai ruhusa ya kujua tulipo
kabla haijasogeza hata behewa moja.
"Niiambie, mama?"
Iambie. Tabora. Haitakuja.

Basi tukajenga stesheni sebuleni.
Reli ya Kigoma ikapita chini ya meza ya chakula,
ya Mwanza ikaingia mlango wa chumba changu.
Ya Mpanda, Kabula akaanza kuitoa palepale stesheni;
bibi yao akakohoa juu ya cherehani:
"Mpanda hukatia Kaliua."
Tukaing'oa, tukaichepusha miguuni mwa friji.

Halafu kidole.
Kidole kinateleza juu ya kioo
na treni iliyo hatua nane inang'oka
bila kamba, bila mkono, bila moshi,
kwa mlio wa nzi aliyefungiwa chupani.
Ukitoka nayo simu hadi uani, penye karai la kufulia,
haikusikii tena.
Lakini haisimami.
Inaendelea na neno la mwisho ulilolipa.
Hapo ndipo mimi niliposisimka mwili, sikumwambia mtu.

Injini mbili, simu mbili, chini ya meza njia moja.
Jumamosi, saa nne asubuhi,
Kabula akitoka Kigoma na behewa la dagaa
(dagaa wa kweli, kawachota jikoni),
Mihayo akitoka Tabora na abiria, kidole kimefika mwisho wa kioo,
pa!
Matofali hadi uvunguni mwa kochi.
Zimamoto kapoteza kichwa chake cha pili.
Paka akala mzigo.
"Ulikuwa unatazama simu!"
"Na wewe je?"
Wote wawili walikuwa wakitazama simu.

Cherehani ikanyamaza.
Mama hakuuliza nani mkosa. Akaenda jikoni,
akarudi na kijiko cha mchuzi, kile chenye mpini uliopinda.
"Asiyeshika hiki haingii chini ya meza."
"Bibi, hiki hakina blutuzi."
"Ndiyo maana."

Miaka thelathini na moja alikaa penye simu ya stesheni,
nami, mwanawe, sikupata kumuuliza alifanya nini hasa.
Nilijua vitenge vyake vilinuka grisi.
Nilijua hakupenda mtu aseme "nadhani".

Siku hizi utamwona Kabula anasimamisha treni,
anajilaza kifudifudi, ananyoosha mkono gizani kati ya miguu ya viti,
kijiko kinahama kiganja,
ndipo kidole kinagusa kioo.
Kuna mgeni alikuja Jumapili, mchuzi tukaupakulia kwa kikombe.
Kijiko kiko kazini, tukamwambia.

Betri zilikufa Jumanne.
Bei yake ni kilo ya sukari na chenji hairudi,
kwa hiyo tunangoja mwisho wa mwezi,
na macho ya samawati yamefumba, moja Kaliua, moja karibu na friji.

Jana usiku, saa tisa kasorobo, honi ililia kweli upande wa stesheni,
ndefu, vikombe vikagongana kabatini.
Mihayo akajigeuza, usingizini bado:
"Nani kashika kijiko?"

Na nyuma ya pazia mama yangu, niliyedhani kalala zamani:
"Ninacho. Lala."