Mwendo wa Saba

Faili liliitwa Miendo ya Mwanamke, Moja hadi Sita.
Wa kwanza: kiuno kinazunguka kama mtu anakoroga uji.
Wa pili: vilevile, na upanga.
Wa tatu: vilevile, akiwa amejeruhiwa.
Bogumiła aliitazama yote sita, asubuhi ya theluji mjini Szczecin,
kahawa ikipoa,
kisha akafungua faili la wanaume.
Arobaini na mmoja.
Mwendo wa mlevi, wa mwizi, wa babu,
wa askari aliyekesha, wa mfalme anayeumwa jino.
Hata mizimu ya kiume ilikuwa na miendo miwili.

Jioni akapiga simu.
"Mama, njoo kazini kwetu kesho. Vaa soksi safi."

Genowefa aliendesha kreni miaka ishirini na minane
kwenye karakana ya meli, juu kule kwenye upepo wa Baltiki,
akiinua vyuma kama mtu anayehamisha mayai.
Nyonga ya kushoto ilimpa talaka zamani.
Wakamvika suti nyeusi ya kubana,
wakambandika vitufe vyeupe hamsini na viwili,
magotini, viwikoni, kisogoni.
"Nafanana na kanga," akasema
(yule ndege, si nguo).
"Sasa nifanye nini?"
"Tembea tu."
"Kwenda wapi?"

Hapo Bogumiła akakwama.
Miendo ile sita haikuwa na pa kwenda.
Ilikuwa na wa kuitazama.

"Umesahau jiko," akasema. "Nenda ukalizime."

Na mama akaenda.
Bega likatangulia, nyonga ikafuata shingo upande,
mkono mmoja ukitafuta reli isiyokuwepo.
Kwenye kioo, vitufe hamsini na viwili
vilivuka giza
kama kijiji kinachohama usiku na taa zake.

Ireneusz, mkuu wa usanii, alitazama mara mbili.
"Mzuri. Lakini shujaa wetu ana miaka ishirini na miwili.
Wachezaji watauliza kulikoni."
"Waulize."
"Watauliza kwa matusi, Bogusia. Unawajua."

Anawajua. Usiku hucheza kipaza sauti kikiwa kimezimwa,
kwa jina la marehemu mjomba wake,
maana siku aliyosema "nilindeni, naingia mlangoni"
sauti nne zilimuuliza ana umri gani
na hakuna aliyemlinda.

Lugha ninayoandikia haina shida hiyo:
anatembea, nasema, na hujui ni nani
mpaka niamue kukwambia.
Kipolandi, ukisimulia ya jana, hakikuachii;
kitenzi chenyewe kinakuvua kofia mlangoni.
Lakini nisijisifu.
Ningekwambia tu: anatembea, ana upanga,
ungemwona nani?

Shujaa akabaki na kiuno chake cha kukoroga uji.
Mwendo wa saba wakampa mlinzi wa lango la kaskazini,
mwenye sentensi moja katika mchezo mzima:
"Daraja limefungwa. Rudi kesho."

Genowefa alimfikia mwezi Machi, vidole gumba vikimuuma,
baada ya kutumbukia mtoni mara thelathini.
Akasimamisha farasi.
Mlinzi akapita chini ya mwenge,
bega kwanza,
mkono ukitafuta reli.
"Huyu," akasema Genowefa, "anaumwa."
Kisha, baada ya kitambo:
"Ila anajua anakokwenda."

Akakaa pale langoni mpaka supu ikaungua,
hakuvuka, hakugeuza farasi,
akimtazama akienda kuzima jiko,
akirudi,
akienda.