Kijiko cha Pili

Shimanzi, saa mbili asubuhi,
bati la ghala limeshaanza kulia kwa jua.
Mezani vikombe arubaini, vyeupe, kila kimoja na namba yake,
na Kadzo Mwangome, wiki ya tatu kazini,
ameshika kijiko kama kitu cha kuazima.

Mimi nilifunzwa kwa makemeo.
Bwana Taibali hupita mgongoni, "Umekosea,"
kisha kimya, kisha "Umekosea" tena,
nikajua kuogopa kabla sijajua chai.
Miaka kumi na minne nikawapa wengine nilichopewa.
Vijana sita wakaja, sita wakatoka,
na mimi nikinung'unika: siku hizi hakuna watu.

Sasa najifunza kuuliza.
Ni kazi ngumu kuliko kuonja.
Jibu laniwasha ulimi, nalimeza,
mimi niliyezoea kutema kila kitu.

"Umepata nini?"
"Sijui, Bi Rukiya."
"Ulimi wako unajua. Usubiri useme."
Avuta tena, fyuuu,
ile kelele aliyoionea haya siku ya kwanza,
atema, atazama dari.
Nahesabu moyoni hadi ishirini.

"Hii imechoka. Na hii. Na ile ya mwisho."
"Mbona zote?"
Nami nimeziona butu,
nimeshazikata bei kwenye karatasi, kwa wino usiofutika.
Kadzo arudi kikombe cha kwanza. Kijiko cha pili.
Aduwaa.
Kisha aenda kwenye birika, amimina maji matupu, aonja.

"Si chai, Bi. Ni maji.
Jana bomba lilikauka, Katana kaleta madumu ya mkokoteni.
Yana chumvi, kwa mbali.
Sisi wa Kisauni tumekua nayo."

Arubaini!
Jasho la watu wa Kericho na Nandi, wasionijua siwajui,
nusura nilihukumu kwa kisima cha mtu.
Naionja birika mwenyewe. Chumvi, kweli, nyuma kabisa,
pale ambapo mazoea yangu hayafiki.

Naichana karatasi mbele yake.
"Hongera" imenifika midomoni, naizuia kidogo,
nauliza kwanza:
"Sasa tufanyeje?"

Wiki nzima amekuwa akinisoma uso kabla ya kujibu.
Leo hata hanitazami.
Keshafika mlangoni, mikono kiunoni:
"Katana! Haya maji umeyateka wapi?"