Mlolongo wa Maratatu

Kijiji chetu Kyangwali kinaitwa Maratatu,
na mara tatu Ngave alikwenda ofisini
kudai makomeo.

Mara ya kwanza: andika kitabuni.
Kalamu haikuwa na wino.
Mara ya pili: kamati itakaa.
Ikakaa kweli, wanaume tisa na benchi moja,
ikala mandazi, ikaahirishwa.
Mara ya tatu alibeba mlango wenyewe,
bati la bafu la wasichana, kaling'oa bawabani,
akaliegemeza kwenye meza ya mwenyekiti.
"Hili hapa. Lifunge wewe, nione."

Usiku ule tulioga kwa zamu,
mmoja ndani, wawili nje tumetandaza vitenge,
na binti wa Dhena, miaka kumi na mitatu,
aliyenyamaza tangu Machi, tangu kule kisimani,
alitushikia tochi.
Aliishika kama anayelenga.

Ukaja uchaguzi wa kamati ya maji.
Huku hatupigi kura ya karatasi:
unasimama nyuma ya umtakaye,
mgongo wako ukionwa na mumeo,
na mama mkwe,
na mwenye duka anayekudai sukari.

Nyuma ya Bwana Lotsove walijipanga waliozoea.
Nyuma ya Ngave, upepo.
Na kuku mmoja.
Halafu Dhena.
Halafu bibi wa gongo, aliyevuka Ziwa Albert
amelala juu ya magunia ya samaki wa watu.
Halafu miguu yangu; mimi nikaifuata.
Mlolongo ukapita kisima, ukapita zahanati,
ukakunja kona penye mihogo.
Sisi tunaojipanga tangu alfajiri
kwa maji, kwa unga, kwa kipande cha sabuni,
nani wa kutufundisha foleni?

Binti wa Dhena naye akasimama, na dumu lake.
Karani akasema mtoto hahesabiwi.
Hakubishana. Hakuondoka.
Karani akahesabu mara ya pili, akafuta jasho,
akahesabu tena.

Makomeo yalifika Jumanne,
kumi na manne, ya chuma, mawili yana kutu.
Ngave aliyapigilia mwenyewe, misumari mdomoni,
wala hakutoa hotuba.

Binti yule bado hasemi mengi.
Lakini jioni, giza halijakolea,
nikiwa nachochea moto nasikia upande wa bafu:
kacha.
Kimya kidogo.
Kisha maji.